Ua la Mkwiro Lianze Mkwiro

Kisiwa cha Wasini hakina mto wala chemchemi. Ni jiwe la matumbawe lililoinuka baharini, urefu wake kilomita kama 5, likitazamana na Shimoni katika Pwani ya Kenya. Kijiji cha Wasini kiko upande wa machweo na Mkwiro upande wa macheo. Magari hayapo. Kwa vizazi vingi maji ya kunywa yamekuwa yale yanayokingwa mapaani na kuhifadhiwa kwenye mabirika, na kiangazi kikizidi, mitungi imekuwa ikivuka mkondo kwa mashua kutoka bara. Mtu akiketi barazani Mkwiro akaanza kuhubiri habari za maua, ana bahati akiulizwa tu kama ametumwa na watalii.

Nami nataka kuhubiri. Tena sitaki kuzungumzia maua ya msimu mmoja, yale ya kupamba harusi kisha yakatupwa. Nazungumzia maua ya kudumu, yanayoishi miaka, na nashikilia kwamba yapandwe kwa mbegu, nyumbani, palepale yatakapokaa. Maua mengi yanayofia kisiwani yanakufa kwa sababu yalilelewa kwingine. Kisiwa chenyewe hakina ugomvi nayo.

Tazama safari ya mche wa kawaida. Umekuzwa kwenye kitalu cha kando ya barabara, Ukunda au Diani, ndani ya mfuko mweusi, katika udongo laini wenye samadi, chini ya wavu wa kivuli, na mpira wa maji ukiuelekea asubuhi na jioni. Mizizi yake, kwa kukosa pa kwenda, imejizungusha mfukoni. Unanunuliwa ukiwa umechanua, maana macho ndiyo yanunuayo. Unapakiwa matatu hadi Shimoni, unapakiwa mashua, unateremshwa Mkwiro umenyong'onyea, kisha unafukiwa katika shimo lililochongwa kwa mtaimbo. Juma la kwanza unanyweshwa kwa mapenzi. Baada ya majuma machache maji ya mtungi yanarudia kazi zake za kupikia na kuoga. Kaskazi ikisimama na jua la Januari likichoma, mche unakauka, na mwenye nyumba anakata kauli: hapa maua hayaoti.

Mbegu huanza vingine. Ikilowa, kitu cha kwanza kuitoka ni mzizi, na katika mimea mingi ya maua mzizi huo mkuu hushuka chini moja kwa moja kabla jani la maana halijaonekana juu. Jiwe la matumbawe, ukilitazama kwa karibu, limejaa nyufa na vitundu, na ndani yake mna udongo mwekundu kidogo na unyevu unaochelewa kukauka. Mche uliozaliwa hapo huingia ufa ungali mwembamba, ukanenepa humo humo. Kipandikizi, yaani kitawi kilichokatwa na kuchomekwa, hakina mzizi mkuu huo. Hutoa mizizi ya pembeni, myepesi, inayotegemea huruma ya juu. Na ule wa mfukoni umeshazoea kuzunguka. Ukiupanda bila kuifumua mizizi yake, utaendelea kuzunguka mle mle shimoni hadi ufe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni adeniamu, waridi la jangwani kama wengine wanavyoliita, lile ua la pinki na jekundu ambalo wenye hoteli hulipenda sana kwenye vyungu vya langoni. Watu hulidhania la kigeni kwa sababu wameliona hotelini. Ni la kwetu. Linaota lenyewe katika nchi kavu kuanzia Sahel hadi Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, na ng'ambo ya bahari hadi Yemen na Dhofar ya Oman. Mche wa adeniamu uliotokana na mbegu hufura shina lake la chini, kuanzia utotoni kabisa, na mle ndani huweka maji: hilo ndilo birika lake. Uliotokana na kitawi kwa kawaida haufuri vivyo. Unachanua upesi, ni kweli, lakini hubaki na shina la fimbo na kiu ya kila siku. Mwenye kitalu anayetaka kuuza haraka atakuuzia wa kitawi. Mwenye nyumba wa Mkwiro hana sababu ya kuununua.

Mbegu zake hupatikana bure kwa anayejua pa kutazama. Baada ya ua kuanguka, ukibahatika, hutokea maganda mawili yaliyounganika, yamepinda kwa nje mfano wa pembe za ng'ombe. Ndani mmepangwa vijiti vya kahawia, kila kimoja na shungi la nywele laini ncha zote mbili. Ganda likipasuka usipokuwepo, upepo wa bahari umeshakuibia. Kwa hiyo ganda linapoanza kugeuka rangi, lizungushie uzi au kipande cha chandarua kuukuu, ulisubiri lipasukie humo. Kisha usiziweke mbegu kabatini ukingoja siku njema, kwani zikikaa miezi nguvu zake hupungua. Zikiwa mbichi na joto letu hili la Pwani, huota ndani ya juma moja hivi. Mzungu wa London hulazimika kununua kitanda cha umeme cha kupasha udongo ili apate joto hilo. Sisi tumepewa, tunalilalamikia.

Onyo moja lisiachwe. Utomvu wa adeniamu ni sumu, na kwa muda mrefu umetumika katika sehemu mbalimbali za Afrika kupaka mishale. Osha mikono baada ya kuushika, na usiuweke mahali mtoto anayetafuna kila kitu atakapoufikia. Kwa upande mwingine sumu hiyo ina faida yake kijijini: mbuzi hunusa, hugeuka. Anayemjua mbuzi wa kisiwani, ambaye haachi hata khanga kambani, ataelewa kwa nini hili ni jambo la kufikiriwa kabla ya rangi ya ua.

Kwa anayeanza, hata hivyo, nisingempa adeniamu. Ningempa vinka, yule mmea mfupi wa maua meupe na ya waridi yenye petali tano, anayejiotea makaburini, kandokando ya njia na kwenye nyufa za saruji. Asili yake ni Madagaska. Ni mmea uliowahi kuitetemesha dunia ya tiba: mwaka 1958 watafiti Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walitangaza kwamba wametoa ndani ya majani yake kemikali iliyoitwa vinblastini, na baadaye ndugu yake vinkristini ikawa miongoni mwa dawa kuu za saratani ya damu kwa watoto. (Hii ni kazi ya maabara. Majani yenyewe ni sumu, wala asitokee mtu akayachemsha jikoni kwa sababu gazeti limesema.) Vinka haogopi mchanga, haogopi chumvi kidogo ya hewa, haogopi jua la saa saba. Mbegu zake nyeusi, ndogo mno, hukaa katika maganda membamba yaliyosimama. Zinataka kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: giza. Zikiachwa juu ya udongo, mwanga hukwamisha kuota kwake. Zifunikwe kwa udongo mwembamba, kisha kopo lifunikwe kwa gunia mpaka vichwa vitokeze. Miezi michache baadaye kuna ua, na akishatua, vinka hujizalia mwenyewe miaka na miaka.

Hapo ndipo pakiti za dukani zinapotupotosha. Vinka huyo huyo, katika pakiti ya Ulaya, ameandikwa ni mmea wa mwaka mmoja. Ni kweli kwao, kwa kuwa theluji humuua. Kwetu hakuna wa kumuua ila jembe. Pakiti hizo hizo humwelekeza mtu apande ndani ya nyumba mwezi Februari, ahamishie nje baridi ikipita, na nyingine hudai mbegu zilazwe kwanza kwenye jokofu kwa majuma. Mbegu inayodai baridi kabla ya kuota haina biashara na Msambweni. Lavenda na delfiniamu waachiwe watu wa Limuru. Tena nyingi ya mbegu za pakiti ni chotara wa kizazi cha kwanza. Ukikusanya mbegu za maua yake, watoto hawafanani na mama, na kila mwaka unarudi dukani. Ukikusanya za vinka wa makaburini, huna deni na mtu.

Kuhusu udongo nitasema kidogo, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mchanga wa ufuoni una chumvi. Makumbi ya nazi nayo yana chumvi zake. Kuvisafisha kwa maji ya mtungi ni ubadhirifu. Dawa ni kuvirundika nje masika yanapoanza na kuiacha mvua ivioshe bure, vikavuja mwezi mzima. Kisha changanya mchanga huo na makumbi yaliyochambuliwa, mboji ya majani ya mwembe na takataka za jikoni, na vipande vya makaa vilivyobaki jikoni. Kopo la maziwa lililotobolewa kitako linatosha kwa chungu. Miche michanga huuawa na kuoza shingo kuliko kiu: unaamka asubuhi imelala chini yote. Sababu yake ni maji ya juu juu. Liweke kopo ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo ufyonze kutoka chini, kisha litoe. Kwa kufanya hivyo maji hayamwagiki ovyo, na vidole vya watoto havina kazi ya kubomoa.

Halafu kuna hili suala la jiwe lenyewe. Matumbawe ni chokaa, na katika udongo wa chokaa mimea mingi hushindwa kufyonza chuma. Jani hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Ukipita Diani ukaona ua la iksora limepauka namna hiyo, licha ya mtunza bustani na mbolea zake, ujue kosa si lake. Iksora hupenda udongo wenye asidi, na amewekwa juu ya chokaa. Adeniamu na vinka huvumilia. Bogainvilia huvumilia pia, ingawa yeye ni wa kitawi na miiba yake si ya kila ua wa nyumba. Mwenye kupanda kisiwani aanze na waliozoea jiwe, asianze na picha za kalenda.

Ushahidi kwamba juu ya jiwe tupu panaweza kuota kitu uko Mombasa, wala si siri. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kufufua machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipochimbwa matumbawe mpaka pakabaki nyanda nyeupe zenye maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu ndizo zilizovumilia: mvinje, mnazi na mdamasi wa Somalia. Majani makavu ya mvinje yalikuwa hayaozi, mpaka jongoo wakaletwa wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu unaotembelewa na wanafunzi. Somo ninalolichukua ni hizo 23 zilizokufa. Zilichaguliwa na mtu mwenye elimu, zikapandwa kwa uangalifu, zikafa. Mahali penyewe ndipo pameamua, na njia rahisi ya kupauliza ni kupanda mbegu nyingi za bei ya bure, kuliko miche michache ya bei ya juu.

Na wingi huo wa mbegu una faida nyingine ambayo Mkwiro inaweza kuielewa kuliko kijiji chochote cha bara. Wanakijiji hawa wanajua kitalu ni nini. Wana kitalu chini ya bahari. Kikundi chao cha usimamizi wa ufuo, pamoja na shirika la REEFolution, wamekuwa wakining'iniza vipande vya matumbawe majini vikue, kisha kuvihamishia kwenye miamba iliyoharibika. Kipande ni kitawi. Vipande vyote vya jiwe moja ni kiumbe kimoja kilichorudiwa. Kile kinachomshinda mmoja kitawashinda wote. Bahari ilipopata joto kali mwaka 1998 na matumbawe ya Pwani ya Kenya yakageuka meupe, tofauti ndogo kati ya koloni moja na nyingine ndiyo ilikuwa tofauti ya kufa na kupona. Ndiyo sababu mwenye busara hakati vipande vyote kwa mama mmoja. Akina mama wa mwani nao wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Mwani unazalishwa kwa kukata na kufunga kambani, msimu baada ya msimu, na maji yakipata joto huoza shamba zima kwa pamoja, kama walivyoona wenzao wa Unguja.

Ua la mbegu halina udhaifu huo kwa kiasi hicho. Kila mbegu ya adeniamu iliyotokana na maua mawili tofauti ni mtu mpya. Ukiotesha kopo zima, mmoja atakuwa mnene kuliko wenzake, mwingine atachanua mapema, wa tatu atavumilia upepo wa kusi unaopiga ukuta wa nyumba yako na si wa jirani. Wanyonge watakufa, nawe huna hasara. Baada ya vizazi viwili vitatu kijiji kina adeniamu wake, waliochujwa na upepo na jiwe lake, ambao hakuna kitalu cha Ukunda kinachoweza kuwauza kwa sababu hakinao.

Nani aliyetajirika kwa kuelewa hilo? Si sisi. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alipeleka bustani ya Kew sampuli ya mmea mdogo wa maua ya zambarau. Mwaka 1887 mchungaji W. E. Taylor, yule yule msomi wa Mombasa aliyekusanya mashairi ya Muyaka, naye akapeleka. Ilikuwa mimea mikavu iliyobanwa katika karatasi, na haikutosha hata kumpa mmea jina. Kisha mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, akaupata Usambara na kutuma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mbegu zikaota. Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaupa mmea jina mwaka 1893, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuuza. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Armacost na Royston ya Los Angeles iliotesha mbegu za aina hiyo kwa wingi, ikawachagua 10 walio bora, na leo mmea wa Usambara umejaa madirishani mwa Ulaya na Marekani. Jamaa zake wa Kenya wamebaki katika majabali machache ya Pwani, wakiwa katika hatari ya kutoweka. Sampuli mbili zilizokauka hazikubadilisha chochote. Punje za mbegu, ndogo kuliko vumbi la tumbaku, zilizaa biashara ya karne nzima.

Kirk huyo huyo alipeleka kutoka Unguja mmea mwingine, ambao Joseph Hooker aliutangaza mwaka 1882 na kuupa jina la heshima kwa Sultani, wakati huo Seyyid Barghash. Maganda yake ukiyagusa hupasuka na kurusha mbegu. Ulienea bustani za dunia nzima na kuwa mmoja wa maua yauzwayo zaidi, mpaka ugonjwa wa ukungu ulipoyafyeka maua hayo Uingereza mwaka 2003 na Marekani karibu miaka kumi baadaye. Kila kitalu kilikuwa na aina zilezile chache, zinazofanana, na zote zilianguka. Wataalamu wa mbegu wamelazimika kutafuta upya ukakamavu uliopotea.

Sasa nijibu lile swali linaloning'inia barazani tangu mwanzo: maji, na je, ua litaliwa?

Maji ya kutosha maua yapo, nayo yanamwagwa mara tano kwa siku. Mkwiro ni kijiji cha Waislamu, na kila udhu unaacha maji yasiyo na sabuni yakipotelea mchangani. Beseni chini ya mikono na miguu linatosha kuyakusanya. Maji hayo, kwa nyumba yenye watu wanne watano, yanatosha makopo kadhaa ya adeniamu na vinka, ambao kwa vyovyote hawapendi kunyweshwa kila siku. Hata maji ya bomba yakifika kila nyumba, sioni sababu ya kuacha mtindo huu, maana bomba la Pwani lina tabia zake.

Na la kuliwa: silijibu kwa aibu. Mwanamke wa Pwani hajawahi kudai ua liliwe kama nazi ndipo alipende. Kikuba cha asumini, rehani na langilangi kinafungwa jioni na kuvaliwa usiku, kesho kimenyauka. Hakuna aliyekiita upotevu. Ajabu ni kwamba nyumba zilizorithi kikuba leo zina maua ya plastiki juu ya meza, yenye vumbi, yaliyotengenezwa kiwandani nje, katika nchi inayopeleka mawaridi Ulaya kwa ndege kila usiku. Nikiulizwa kipi ni upotevu, nitaonyesha hiyo meza.

Lakini pia kuna pesa. Hoteli na nyumba za kukodisha kutoka Tiwi hadi Msambweni hununua miche mwaka mzima, na adeniamu mwenye shina nene huuzwa kwa bei ambayo vinka hawezi kuiota. Unene huo haununuliwi kwa mbolea. Unanunuliwa kwa miaka, na miaka ndiyo mali ambayo kijiji kinayo na kitalu cha barabarani hakina. Kitalu kinalipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kopo la ukutani Mkwiro halilipi. Kikundi cha akina mama kinachoanza na mbegu mwaka huu kitakuwa na mimea ya kuuza kwa heshima baada ya miaka mitatu minne, na kwa muda huo wote kitakuwa kimetumia udhu na makopo matupu. Wanaoendesha hoteli nao wangefanya vyema kuacha kujaza iksora juu ya chokaa na kuagiza mapema kutoka kisiwani, kwa maandishi, ili wanaopanda wajue wanampandia nani. Kilimo kimegatuliwa tangu 2013. Idara ya kaunti inayogawa miche ya miembe na mikorosho kila masika inaweza kugawa karai moja la mbegu za maua bila kuitikisa bajeti.

Kuna mmea mmoja ningependa uingie katika mpango huu ingawa hautakuwa rahisi. Ni mkilua, kichaka cha misitu ya Pwani, jamaa wa mstafeli na mlangilangi, chenye maua ya harufu ambayo wanawake wa Kiswahili wameyatia katika nguo na nywele tangu zamani. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea wa Kew, Bernard Verdcourt, alipoandika habari zake kitaalamu, alimpa jina hilo hilo, na dunia ya sayansi humwita Mkilua hadi leo. Kama asumini yetu ingekuwa na mbegu, ningeanza nayo. Haina, karibu daima huzalishwa kwa kitawi. Mkilua anazo. Jamii yake huota polepole, pengine kwa miezi, na mbegu zikikauka sana hufa. Kisiwani juani hatakaa. Anahitaji kivuli cha mwembe au cha ukuta wa nyumba, na udongo wenye majani yaliyooza. Kwa kuwa baadhi ya misitu iliyobaki Kwale ni makaya, yaani misitu mitakatifu, hakuna kuingia kuchuma. Wazee wa Kaya Kinondo hupokea wageni na wana utaratibu wao wa kuingia msituni. Anayetaka mbegu aende akaulize kwa adabu, aambiwe mti gani unazaa na ni lini, na achukue chache. Kwa mwaka wa kwanza, mbegu kumi zenye kuota zinatosha kijiji kizima, na miche itakayopatikana iwekwe kwa nyumba zenye birika kubwa na bibi mwenye subira.

Kwa adeniamu na vinka hakuna wa kuombwa ruhusa ila jirani mwenye ua. Maganda yafungwe uzi wakati wa kaskazi, mchanga na makumbi virundikwe nje kabla mvua haijaanza, na makopo ya maziwa yasitupwe.